Jivu la maabara kwenye maharage ya watu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la Sumbawanga limechomoza lakini halijapata nguvu ya kumpasha mtu joto, na Albina Mwanisawa tayari anavutana na mtu. Mwanamke aliyejitanda kanga mbili amesimama nje ya uzio wa maabara moja ya binafsi, nyuma ya soko, kikapu kitupu mkononi. Ameamka mapema kuja kuomba jivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jivu hakuna."

"Si hilo hapo mama, naliona."

"Hilo si la watu," anasema Albina, na bila kuongeza neno anainua ndoo ya maji na kuimimina yote ndani ya pipa. Jivu linafoka, linatoa mvuke, kisha linalala. Anachukua mti mrefu, anakoroga mpaka linakuwa tope zito ambalo hakuna mwenye akili timamu angelitia kwenye kikapu.

Mwanamke anamtazama kwa mshangao, halafu kwa hasira. Anaondoka akinung'unika kwa sauti ya kusikika kwamba dunia imefika mwisho, siku hizi watu wananyimana mpaka majivu.

Maneno yanamwingia Albina. Nyumbani kwao Msanzi, alikozaliwa miaka arobaini na sita iliyopita, jirani akija kuomba moto au jivu hakuulizwa la nini. Aliachiwa njia apite mpaka mafigani achote mwenyewe. Kumnyima mtu jivu kulikuwa sawa na kumtangazia uadui. Albina amelelewa hivyo, na malezi hayo hayo mazuri ndiyo yaliyomponza.

Kazi yake haina jina la kujivunia. Kwenye karatasi za mshahara ameandikwa mfagizi, na anapokea shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi. Lakini kufagia ni sehemu ndogo tu. Yeye ndiye anayebaki na kila kitu watu wanapokwisha kupimwa: vichupa vya damu, makopo ya makohozi ya wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, vikopo vya choo na mkojo, pamba, glavu, mabomba na sindano zake. Vya majimaji vinatiwa dawa ya klorini, vinalala humo, kisha vinamwagwa shimoni. Vilivyobaki vyote vinaingia motoni.

"Kwa kifupi, kilichotoka mwilini mwa mgonjwa kikaingia humu, kisitoke tena nje ya uzio huu," anaeleza. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Anaukung'uta mti kwenye ukingo wa pipa.

"Sasa kilitoka. Na mimi ndiye niliyekuwa nakigawa, kwa mikono yangu hii, huku natabasamu."

Albina hakuanzia hapa. Akiwa msichana alifagia wodi za hospitali moja ya misheni, na anakumbuka vizuri enzi za mabomba ya kioo. Bomba moja liliweza kuhudumia watu mwaka mzima. Likitumika linaoshwa, linachemshwa, linarudi kwenye trei yake, na sindano zikiwa butu zinanolewa. Muuguzi aliyevunja bomba alisemwa wiki nzima. Taka za siku zilijaa bakuli moja, tena lisilo kubwa.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka ya Sumbawanga yaliyokuwa yakiuza viberiti na subira yakajaa vitu mpaka vikamwagika barabarani. Serikali ikawaruhusu watu binafsi kufungua zahanati na maabara. Bwana Abdulnasir, ambaye ukoo wake umeuza vipuri na kusafirisha mizigo mjini hapa tangu zamani, akageuza stoo moja ya vipuri kuwa maabara, akamwajiri mtaalamu kijana aitwaye Flavian, na Flavian akamwajiri Albina. Na kupitia mpaka wa Tunduma, kwenye malori yale yale yanayoleta mitumba, yakaja mabomba ya plastiki. Unafungua pakiti, unatumia mara moja, unatupa.

"Tulishangilia," anasema Albina. "Tuliona tumekuwa watu wa kisasa. Walituambia tutupe. Hawakutuambia tutupe wapi."

Flavian aliona jibu ni moto. Likakatwa pipa, likawekwa nyuma, na kila jioni Albina akawa anamimina humo ndoo yake ya plastiki, pamba na sindano, ananyunyizia mafuta ya taa na kuwasha. Moshi mweusi ulipanda, moto ukanguruma, ukafifia. Asubuhi yake, juu ndani ya pipa kulikuwa na jivu laini kabisa. Nani angewaza zaidi ya hapo? Tangu utotoni Albina alijua kwamba moto unamaliza kila kitu.

Hapa inabidi msomaji asiyetoka huku aelezwe jambo moja. Maharage ya huku Ufipa yana adui, naye ni mdudu fukusi. Ukivuna Juni ukayaweka hivi hivi, kufika mwezi wa kupanda unakuta kila punje ina tundu na gunia limejaa unga. Wakati chama cha ushirika kikiwa hai, dawa ya ghala ilifika na pembejeo nyingine. Ushirika ulipodhoofika, dawa ikawa ya dukani, na ya dukani bei yake inapanda kila msimu, tena mara nyingine ukiinusa haina hata harufu. Kina mama wakarudi kwenye njia ya bibi zao: maharage unayachanganya na jivu, unayafunga, na fukusi hapati pa kupumulia.

Mtu wa kwanza kuomba jivu la maabara alikuwa Otilia, mdogo wake Albina wa tumbo moja, anayefanya biashara ya maharage sokoni. Kwake walikuwa wakipikia mkaa, na jivu la mkaa ni kidogo. Akapita kwa dada yake, akachota ndoo, akaondoka. Msimu ulipoisha, maharage yake yalikuwa mazima, yanang'aa, wakati ya jirani zake yalikuwa yamekwisha kubunguliwa.

Habari haikuhitaji redio. Ikasemwa sokoni kwamba jivu la maabara lina dawa ndani yake, ndiyo maana fukusi akilinusa tu anakufa. Kina mama wakaanza kujipanga kwenye uzio kila asubuhi, na vikapu, na madebe, na wengine na vitambaa vya kufungia. Waliotoka vijijini kuuza mazao hawakurudi bila jivu. Lilipanda mabasi kwenda Namanyere, likashuka bondeni mpaka Ilemba, likafika Msanzi kwao Albina kabla yeye mwenyewe hajaenda likizo.

Naye alifurahi. Anakiri hivyo bila kuona haya, na mtu akimsikiliza anamwelewa. Kabla ya hapo watu walimkwepa. Mwanamke anayeonekana kila jioni na ndoo ya damu za watu, katika mji ambao wenyeji wake wanataniwa nchi nzima kwa habari za uchawi, hawezi kukosa majina. Kuna waliovuka barabara wakimwona. Lakini jivu lilipoanza kusifiwa, wale wale wakawa wanamwita mama, wanamletea mboga, wanamuulizia binti yake Debora anayesoma bweni.

"Nilikuwa nimekuwa mtu," anasema.

Jumapili moja ya mwezi Juni, baada ya misa, Albina alikwenda kumtembelea mdogo wake mtaa wa Majengo. Walikaa uani kwenye mkeka, jua likiwapiga mgongoni, wakisengenya kwa amani kama dada wawili wanavyopaswa kufanya Jumapili. Otilia alikuwa na ungo wa maharage mapajani anachambua ya kupika mchana. Jivu lilikuwa limemfikia mpaka kwenye viwiko.

"Aa!" Otilia alivuta mkono ghafla, akakitia kidole mdomoni na kukinyonya.

"Nini tena?"

"Mwiba. Maharage ya mwaka huu mpaka miiba yanazaa."

Albina alicheka. Otilia akapekua tena ungoni, akakipata kilichomchoma, akakiinua kwenye mwanga wamwone vizuri huyo mchokozi. Kilikuwa kifupi. Upande mmoja kilikuwa cheusi, kimegandiwa na kipande cha plastiki kilichoyeyuka. Upande wa pili kiling'aa, na ncha yake ilikuwa imekatwa mshazari, kali kama ilivyotoka kiwandani.

Kicheko kilimkauka Albina mdomoni.

"Tema!" alipiga kelele. "Tema Otilia, tema hayo mate!"

Alimkamata mkono, akamburura mpaka bombani, akauweka mkono chini ya maji na kuusugua kwa sabuni ya kufulia. Alirudia na kurudia, huku mdogo wake akilalamika kwamba anaumizwa. Mtoto wa jirani alichungulia, akakimbia kumwita mama yake aje aone watu wazima wanaogeshana.

"Dada, kwani ni nini? Si msumari tu wa viatu?"

"Kina kutu," alijibu Albina.

Anapolisema neno hilo leo anafumba macho. "Kutu. Mungu anisamehe. Mtoto wa mama yangu, nikamwambia ni kutu, kwa sababu nilishindwa kulitamka lenyewe."

Hakusubiri chakula. Alikwenda moja kwa moja maabara, akiwa na gauni lake la kanisani, akalipindua pipa. Jivu laini likamwagika kwanza, lile ambalo kina mama walikuwa wakichota. Chini yake kulikuwa na mabonge meusi, magumu, plastiki iliyoyeyuka ikashikana. Kila siku alikuwa akiyatazama mabonge yale na kuyaona mkaa. Akachukua jiwe, akalipasua moja.

Ndani mlikuwa na sindano zilizolala pamoja, nzima, kama njugu kwenye ganda. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuzifunika, ikazikinga na moto. Mabonge mengine yalikuwa yamekwisha kupasuka yenyewe pipani, na zilizokuwa zimetoka zilikuwa zimechanganyika na jivu. Alipasua la pili na la tatu. Kwenye moja alikuta kifuniko cha kopo la makohozi, hakikuungua hata kidogo, na namba ya mgonjwa bado inasomeka. Anasema alikaa chini pale pale, gauni na yote.

Flavian aliitwa kutoka nyumbani kwake. Ni kijana mnyamavu, wa maneno ya kupima, lakini alipoona kilichomo kwenye mabonge alishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Mama Debora, tumeua."

Baadaye alitulia, akaeleza anachokijua. Sindano iliyokaa kavu siku nyingi, tena iliyopitiwa na joto, hatari yake ni ndogo. Ila ndogo si kusema haipo. Homa ya ini inaweza kuvumilia nje ya mwili kuliko watu wanavyodhani. Na kuhusu ule ugonjwa mwingine ambao siku hizi hakuna nyumba usiyoiliza, Otilia angepaswa kupimwa sasa, kisha arudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu ukipima mapema damu inaweza kukudanganya.

"Mimi nilisomeshwa kupima," Flavian alimwambia mwandishi wa makala haya. "Habari ya taka tuliambiwa choma au fukia, somo likaisha. Nikachoma. Siku zote hizo sikuwahi kulipindua pipa nikaangalia."

Asubuhi ya Jumatatu Albina alirudi Majengo, safari hii akasema yote. Alitegemea mdogo wake atapiga kelele, au atamrukia. Otilia hakufanya hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akautazama ungo ulioegemea ukuta, akaweka mkono kifuani.

"Nimewauzia watu, dada," alisema. "Maharage haya nimewauzia watu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa Albina kwa wiki nyingi. Alikwenda akapimwa mara ya kwanza, akaambiwa yuko salama kwa sasa, arudi Septemba. Akafunga kibanda chake sokoni. Albina akibisha hodi, mlango ulifunguliwa na watoto, na watoto waliagizwa kusema mama amelala.

Mwenye maabara naye alikuwa na yake ya kusema. Bwana Abdulnasir ni mtu mpole, anayeswali na anayelipa wafanyakazi wake, lakini alipoelezwa yaliyotokea hofu ilimvaa. Aliwaita Albina na Flavian ofisini, akafunga mlango, akawaomba wanyamaze. Pipa litaondolewa, jivu litakoma, na suala liishie humo humo. Akawauliza kama wanaujua mji huu. Akawauliza kama wanadhani watu wakisikia damu za wagonjwa zimeingia kwenye vihenge vyao watakuja na maswali au na viberiti.

"Nilimwambia, mzee, nakusikia, na ninayoyaogopa ni hayo hayo unayoyaogopa wewe," anakumbuka Albina. "Lakini kule watu wanatia mikono kwenye maharage kila siku. Na wanaochambua maharage ni kina mama na watoto. Nikinyamaza leo, kesho nikisikia mtoto wa fulani kachomwa, nitauweka wapi uso wangu mimi?"

Alhamisi ya wiki ile, jumuiya yao ndogo ya kanisa ilisali nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa mteja mkubwa wa jivu. Sala ilipokwisha, kabla watu hawajaanza kunywa chai, Albina alisimama. Alikuwa amefunga zile sindano kwenye kitambaa. Alikifungua, akakiweka mezani karibu na Biblia, akaeleza zilikotoka.

Mtu mmoja akakohoa. Kisha mama mwenye nyumba akauliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo Albina, miezi yote hii umekuwa unatulisha damu za watu?"

Pakalipuka. Kuna aliyelia, kuna aliyekimbilia nje kutapika, na mzee mmoja alisimama akitangaza kwamba yeye alisema tangu zamani kuhusu mwanamke yule na ndoo zake. Neno mchawi likatamkwa wazi, ndani ya jumuiya, dakika chache baada ya amina. Albina hakujitetea. Alisimama pale pale mpaka walipochoka, kisha akasema jambo moja tu: yeyote mwenye maharage yenye jivu la maabara asiyaguse kwa mikono, ayalete kesho getini.

Usiulize kama alipata usingizi.

Kesho yake walikuja. Bwana Abdulnasir, aliyekuwa amejiandaa kwa mawe, alifungua geti akakuta magunia. Yalikuja kwa baiskeli, kwa mikokoteni, kwa vichwa. Yalikuja siku ile na siku zilizofuata, kutoka mitaa ambayo Albina hakujua kama jivu lake limewahi kufika. Alikuja mama mmoja wa Kisukuma na mumewe aitwaye Mboje, wafugaji walioanza safari alfajiri kutoka pande za Ilemba. Waliliambia geti zima kwamba wao walichanganya jivu na mahindi pia, na walibakiza kidogo wakawapaka ng'ombe kuwafukuza kupe. Watu waliosikia hilo walishindwa wacheke au walie.

Turubai la lori likatandikwa. Mwenye maabara, pengine kwa kujiona ana deni, alileta sumaku kubwa aliyoing'oa kwenye spika ya redio, akaipitisha juu ya maharage. Ikanasa misumari miwili, visoda na pete ya mtu. Watu wakapumua, wakajua basi maharage ni salama. Kisha Flavian akachukua sindano moja, akaigusisha kwenye sumaku mbele ya wote. Ikaanguka chini. Chuma cha sindano zile hakishikwi na sumaku.

Ilibidi yachekechwe. Fundi mmoja wa ujenzi alitoa chekeche lake la mchanga, na kwa siku kadhaa Albina na Flavian, wamevaa glavu nene na mabuti ya mpira, walichekecha maharage ya watu mmoja baada ya mwingine. Maharage yalibaki juu, jivu likashuka, na kila baada ya muda kilisikika kitu kidogo kikigonga karai. Kila kilipogonga, waliokuwa wamesimama pembeni walishtuka kwa pamoja. Albina anasema mlio huo bado anausikia akiwa jikoni kwake.

Walichokipata alikitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo lilifika nusu.

"Nusu kopo," anasema, na hata sasa, miezi mitatu baadaye, sauti yake ni ya mtu aliyeambiwa habari hiyo leo. "Hizo ni zile zilizorudi."

Tangu hapo mengi yamebadilika. Nyuma ya maabara kumejengwa tanuri la matofali ya kuchoma, lenye bomba la moshi na mlango wa chuma. Sindano haziingii tena motoni. Zinatiwa kwenye kopo lenye kifuniko, kopo likijaa linamiminiwa saruji na kuzikwa shimoni likiwa jiwe. Kinachoungua kinaungua kwenye tanuri, na jivu lake linawekwa kwenye lile pipa la zamani, linakorogwa maji na kufukiwa siku hiyo hiyo. Bwana Abdulnasir amelipia yote. "Niliiogopea biashara yangu nikasahau kwamba hata mimi nakula maharage ya soko hili," anasema.

Watu kadhaa waliojitokeza wakisema walichomwa wamepimwa bila malipo, na wanaendelea kufuatiliwa. Wengine mtaani bado wanavuka barabara wakimwona Albina. Yeye hawalaumu. Na wengine, kama yule wa asubuhi, hawajasikia lolote na bado wanakuja na vikapu.

Lakini leo Albina hana muda wa kuwaza majina ya mtaani. Leo ndiyo siku ya Otilia kurudi kupimwa.

Anafika saa tatu, amevaa kitenge cha kutokea, uso umekaza. Anampita dada yake mlangoni, anasema "Hamjambo" ya watu wote, anaingia kwa Flavian. Albina anabaki kwenye korido na fagio, anafagia sakafu aliyokwisha kuifagia. Mlango ukifunguliwa, Flavian anampa kopo. Ndani yake mna bomba na sindano iliyotoka kwenye mkono wa mdogo wake sasa hivi.

Analipokea kwa mikono miwili. Anakwenda nalo nyuma, anaitia sindano peke yake kwenye kopo la saruji, anafunika, na anabaki ameushikilia mfuniko ule kwa kiganja kama anayezuia kitu kisitoke. Midomo inacheza. Anasali au anahesabu, mwenyewe hasemi.

Kusubiri jibu ni adhabu. Bwana Abdulnasir anakuja, anasimama, anaondoka. Mgonjwa mmoja wa malaria anaambiwa arudi mchana bila kuelezwa sababu. Mwishowe mlango unafunguliwa na Otilia anatoka mwenyewe, taratibu, mpaka uani aliko dada yake.

"Sina," anasema. "Huo sina, na wa ini sina."

Albina anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anajifunika uso kwa mikono ya glavu, kisha anakumbuka ni glavu za kazi na kuzivua haraka haraka huku machozi yakimdondoka. Hakulia siku ya pipa wala siku ya jumuiya. Leo analia kwa sauti, mpaka Flavian anafunga dirisha kwa heshima.

Otilia anamwacha alie. Akiona imetosha, anaivuta ndoo nyingine na kukaa mbele yake. Ni mara ya kwanza tangu Juni kukaa na dada yake.

"Nasikia unakwenda Namanyere Ijumaa."

Ni kweli. Huo ndio mpango ambao Albina amekuwa akiupika kimya kimya. Mwezi Novemba mvua zitaanza, na zikishakolea kina mama watafungua vihenge kutoa mbegu, na watatia mikono kwenye jivu mpaka viwiko. Wengi wa mjini walishasikia, lakini jivu lilikwenda mbali kuliko habari. Ameomba likizo. Bwana Abdulnasir ameahidi kumpakia kwenye lori lake kila linapokwenda kuchukua mazao. Ataanza Namanyere, ashuke Ilemba, amalizie Msanzi kwao, akiwa na chekeche na lile kopo la maziwa lenye sindano, la kuwaonyesha watu.

"Nitakwenda," anasema Albina akijifuta. "Nitapita nyumba kwa nyumba. Wakinifukuza, nitakaa barabarani."

"Watakufukuza tu," anasema Otilia. "Watasema mchawi kaja kufuata jivu lake. Nani atamsikiliza mtu aliyegawa?"

Albina anaziokota glavu alizozivua.

Otilia anauinua mkono wake wa kulia, anakinyoosha kidole cha shahada mbele ya macho ya dada yake. Alama ya mchomo imebaki kidoti cheusi, jivu lililoingia chini ya ngozi likakataa kutoka.

"Nakwenda na wewe. Wewe utabeba chekeche. Mimi nitawaonyesha kidole, wataniuliza kimepona? Nitawaambia kimepona. Halafu nitawauliza wao, mama, hebu nionyeshe na vidole vyako."